Kombe la Shirikisho la Tanzania: njia ya mtoano kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma

Tarehe 25 Julai 2021, mji wa Kigoma ulipokea mchezo ambao kwa kawaida huchezwa Dar es Salaam. Simba na Yanga, watani wa jadi wa soka la Tanzania, walikutana katika Uwanja wa Lake Tanganyika kuwania Kombe la Shirikisho. Yanga walibaki kumi uwanjani baada ya kiungo wao Mkongomani, Mukoko Tonombe, kuoneshwa kadi nyekundu. Katika kipindi cha pili, Mganda Taddeo Lwanga alifunga kwa kichwa bao pekee lililoipa Simba ubingwa.

Kwamba fainali ya taifa ilichezwa kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa unaopakana na Burundi na kutazamana na Kongo, ni jambo linaloeleza vema tabia ya mashindano haya. Ligi hurudi kila msimu kwa vigogo walewale. Kombe la mtoano huwapa nafasi walio mbali, hata kama mara nyingi nafasi hiyo ni ya siku moja tu.

Chimbuko lake

Mashindano ya mtoano si mapya Tanzania. Tangu miaka ya 1970 kulikuwa na Kombe la Nyerere, lililobeba jina la Rais wa kwanza wa nchi. Bara la Afrika lilipoanzisha Kombe la Washindi mwaka 1975, mashindano ya namna hiyo yalipata uzito zaidi, kwa kuwa mshindi aliweza kuliwakilisha taifa nje ya mipaka. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyosonga, kombe hilo lilififia. Kwa muda mrefu nafasi ya Tanzania katika Kombe la Shirikisho Barani Afrika ikawa inatolewa kwa kufuata msimamo wa ligi.

Msimu wa 2015/16, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) liliyafufua mashindano hayo kwa udhamini wa Azam, na kuwakutanisha wakubwa wa Ligi Kuu na timu za madaraja ya chini. Tangu mwaka 2024 yanafahamika kwa jina la mdhamini mpya, benki ya CRDB.

Fainali ya kwanza ya enzi hii mpya ilichezwa Dar es Salaam tarehe 25 Mei 2016. Yanga waliifunga Azam mabao 3-1, na wachezaji wawili kutoka Burundi waliacha alama yao: Amissi Tambwe aliifungia Yanga mabao mawili, na Didier Kavumbagu akaifungia Azam bao lake pekee.

Fainali inayohama

Baada ya hapo fainali ilianza safari. Mwaka 2017 ilichezwa Dodoma, 2018 Arusha, 2019 Lindi na 2020 Sumbawanga, kabla ya kufika Kigoma. Mwaka 2022 ilirudi Arusha, 2023 ikaenda Tanga, kisha ikavuka bahari na kuchezwa Unguja, katika Uwanja wa New Amaan, mwaka 2024 na 2025.

Fainali ya Arusha ya 2022 ina nafasi yake katika kumbukumbu za mashabiki. Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu, aliifungia Coastal Union ya Tanga mabao matatu peke yake, lakini mchezo ukamalizika 3-3, na Yanga wakatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Yaani mtu anaweza kufunga mabao matatu katika fainali na bado akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wadogo walioangusha wakubwa

Mwaka 2017, Mbao ya Mwanza, iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, iliitoa Yanga katika nusu fainali, kisha ikaisumbua Simba hadi muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 2-1. Desemba mwaka huohuo, Simba, wakiwa mabingwa watetezi, walitolewa kwa penalti na Green Warriors, timu ya daraja la chini. Kocha wao Joseph Omog akapoteza kazi.

Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya Mashujaa ya Kigoma. Ikiwa bado nje ya Ligi Kuu, ilisafiri hadi Dar es Salaam na kuifunga Simba 3-2, siku chache tu baada ya Simba kufuzu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mashujaa walipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na Aprili 2024 waliitoa tena Simba, safari hii nyumbani Kigoma, kwa mikwaju ya penalti.

Tuzo kubwa ni tiketi ya Afrika. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 2018, walikwenda Kombe la Shirikisho Barani Afrika na kukutana na KCCA ya Uganda, iliyowaondoa. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilifungwa 2-1 na Simba katika fainali ya Sumbawanga. Lakini kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi iliangukia kwa Namungo kwa utaratibu wa wakati ule. Klabu hiyo ikafika hadi hatua ya makundi.

Hesabu ya makombe

Katika fainali kumi za kuanzia 2016 hadi 2025, Yanga wametwaa kombe mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 2022. Simba wameshinda mara tatu, Azam na Mtibwa Sugar mara moja kila mmoja.

Hesabu hiyo inaonesha kwamba mwisho wa safari, kombe limekwenda zaidi kwa wenye nguvu. Mbao na Lipuli ya Iringa, zilizofika fainali mwaka 2017 na 2019, zote zilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2020. Hata hivyo Kigoma haitazami orodha ya mabingwa peke yake. Mji huo umeona fainali ya watani, na timu yake imeitoa Simba mara mbili, mara moja ugenini na mara moja nyumbani.