Mlalo na mshazari: kifaa kimoja, namba mbili

Mlalo, mji wa milimani katika wilaya ya Lushoto, una nyumba zilizopandana hivi kwamba aliyekaa barazani kwake anatazama bati la jirani wa chini. Mtu akisimama kando ya barabara, akakielekeza kifaa kinachoenea kiganjani kwenye mti ulio shambani ng'ambo ya bonde, huko chini, kisha akabonyeza kitufe, ndani ya lenzi itajitokeza namba: 412. Akibadili mpangilio na kubonyeza tena, pasipo kusogeza mguu, atasoma 357. Kifaa ni kizima. Namba zote mbili ni mita na zote mbili ni sahihi.

Tofauti hiyo ya mita 55 ndiyo kiini cha istilahi inayozungumziwa hapa, yaani jina la kifaa hicho na la vipimo vyake, na kwa bahati njema jina la mji wenyewe linasaidia kuieleza. Hapa si mahali pa kuchimbua asili ya jina hilo. Inatosha kukumbuka kwamba katika hesabu za shule ya msingi mstari uliolala unaitwa mstari mlalo, uliosimama unaitwa wima, na uliokwenda upande upande ni wa mshazari. Mlalo wa Usambara hauna mlalo mwingi wa kujivunia. Kuanzia ukingo wa Mtae na Mambo, milima inaporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi tambarare ya Mkomazi, na mashamba mengi ya huku yameegemea mlima kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ni mahali pazuri pa kujifunza kwamba swali la "ni mbali kiasi gani?" lina majibu mawili: la mshazari na la mlalo.

Kifaa chenyewe hakipimi umbali hata kidogo. Kinapima muda. Hutoa mpigo mfupi wa mwanga wa leza, mpigo ukagonga mti na chembe yake ikarudi, na saa iliyomo ndani ikahesabu ulikawia kiasi gani. Mwanga hukata mita 299,792,458 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi mita 412 huchukua kama mikrosekunde 2.7. Ili kisikosee hata mita moja, kifaa lazima kiweze kutofautisha vipande vya muda visivyofika nanosekunde saba, yaani sehemu saba za bilioni za sekunde. Mwanga huo si ile nukta nyekundu inayoonekana ukutani kwa mafundi wa ujenzi. Vifaa vingi vya aina hii, hasa vya wawindaji, hutumia mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 905, ambao jicho la binadamu haliuoni.

Jina lake je? Kiswahili kina kiwanda cha zamani cha majina ya vyombo: ki- mwanzoni, kitenzi katikati, na kinachotendwa mwishoni. Kinasa sauti, kipaza sauti na kipimajoto vimetoka humo. Kitenzi pima kina ukoo mkubwa zaidi, kwa sababu pima ni nomino pia: ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kipimo walichotumia mabaharia wa pwani kujua kina cha maji. Sehemu ya kwanza ya jina basi haina mgogoro. Mgogoro uko kwenye sehemu ya pili, ambapo wengine wanasema kipima masafa na wengine kipima umbali.

Makala haya yanasimama upande wa umbali, na sababu haiko kwenye utamu wa sauti. Kiingereza kina neno moja, range, linalobeba mambo mawili: nafasi iliyopo kati ya mtu na kitu, na mwisho wa uwezo wa silaha kufika. Kiswahili kimeyatenganisha. Umbali ni wa mahali: umbali wa Mlalo na Lushoto haujali anayesafiri anatumia nini. Masafa, kwa matumizi ya leo, ni ya chombo au ya shughuli: kombora la masafa marefu, mbio za masafa marefu. Historia ina mfano: tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa bandarini Zanzibar ikifanyiwa matengenezo. Umbali kati ya meli hizo ulikuwa mmoja. Masafa yalikuwa mawili: mizinga ya Königsberg iliifikia shabaha yake, na makombora ya Pegasus yakaishia majini. Aliyeweza kuipima nafasi ile angejua umbali tu. Masafa angeyajua kwa kuikagua mizinga.

Lipo na suala la redio. Kila siku watangazaji huwataja wasikilizaji masafa wanayopatikana, na hapo neno halihusu urefu wa njia bali ni mara ngapi wimbi linatikisika kwa sekunde. Kwa kifaa kinachofanya kazi kwa mawimbi ya mwanga, kukiita kipima masafa ni kumwalika msomaji wa fizikia aelewe kitu kingine kabisa. Wanajeshi waliolizoea neno hilo hawatakosea wakiendelea nalo, maana wao wanapopima wanafikiria mzinga. Mpima ardhi hana mzinga.

Neno leza lina kisa chake. Kwa Kiingereza ni herufi za mwanzo za maneno matano yanayoeleza ukuzaji wa mwanga kwa mnururisho uliochochewa, na mwaka 1960 Theodore Maiman alitengeneza leza ya kwanza huko California kwa kutumia kijiti cha yakuti. Kiswahili kinajua kuunda kifupisho chake kinapoamua. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na neno limekaa hivi kwamba halikumbukwi tena kuwa ni kifupisho. Kwa leza hakuna aliyesumbuka. Sauti ilichukuliwa kama ilivyo, ikavalishwa tahajia ya Kiswahili, basi. Uamuzi ulikuwa wa busara, maana maneno yale matano yangezaa kitu kisichotamkika. (Kwa Watonga wa Zambia, Leza ni jina la Mungu. Mtafsiri anayefanya kazi upande ule ajihadhari.)

Watanzania wengi, hata hivyo, wamekwisha kutana na kifaa hiki bila kusubiri kamati yoyote, na wamekipa jina: tochi. Basi linaloteremka kutoka Mlalo kupitia Lushoto na Soni likifika Mombo linaingia barabara kuu, na hapo dereva anaanza kuwaangalia wenzake wanaokuja. Mmoja akimwashia taa mara mbili, mguu unaondoka kwenye mafuta. Mbele kuna tochi. Tochi za leza ni vipima umbali vya haraka: hupima umbali wa gari mara nyingi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kisha huangalia umbali umepungua kiasi gani. Pale kikomo kikiwa kilomita 50 kwa saa, gari lililo ndani ya kikomo husogea karibu mita 14 kila sekunde. Likisogea mita 20, dereva "amepigwa tochi," na kinachofuata ni karatasi ya faini. Neno hili halina ki- wala pima, na halielezi chochote kuhusu kazi ya chombo, kwani tochi halisi inaonyesha njia na hii inaonyesha kosa. Lakini limekaa. Tarakilishi iliundwa kwa ustadi mkubwa kuliko tochi, na mtaani Tanzania kompyuta iliishinda bila jasho.

Turudi mlimani, kwa wawindaji. Masimulizi ya Wasambaa, wenyeji wa milima hii, yanaanza na mwindaji: Mbegha, aliyetoka Ungulu na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, na mwishowe akawa mtawala mwenye makao Vugha. Kisa hicho Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alikiandika katika Habari za Wakilindi. Kwa mwindaji wa mkuki na mbwa, umbali ni suala la jicho na mkono. Mnyama akiwa mbali sana, anasogelewa.

Bunduki ya leo yenye darubini ndiyo iliyoleta tatizo. Risasi inayoondoka kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde huchukua kama nusu sekunde na ushei kufika mita 400, na muda wote huo inaanguka kama jiwe lililoachiliwa. Ikifika huko imeshuka kiasi cha mita moja na nusu chini ya mstari wa mtutu. Mlengaji hulazimika kuinua shabaha yake kwa kiasi hicho, na akikosea kukadiria umbali kwa mita 60 atampita mnyama juu, au, jambo baya zaidi, atamjeruhi na kumwacha akimbilie vichakani.

Na hapa ndipo zile namba mbili za mwanzo zinaporudi. Mvuto wa dunia unavuta kuelekea chini, wima. Haujali urefu wa mstari wa jicho. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, shabaha iliyo mita 412 kwa mshazari inataka ulenge karibu sawa na iliyo mita 357 kwenye uwanja tambarare. Anayeinua shabaha kwa ajili ya 412 atapiga juu mno, na ajabu yake ni kwamba atapiga juu awe analenga kuteremka au kupanda. Ndiyo maana vifaa vya wawindaji vimewekewa kipima-pembe ndani: kinasoma mwinamo, kinazidisha umbali wa mshazari kwa kosaini ya pembe, kinatoa umbali mlalo. Watengenezaji wa nje wameuita mpangilio huo kwa majina marefu ya kibiashara yasiyoeleweka. Maneno mawili ya darasani yanaumaliza.

Kwa Mlalo penyewe mfano huo wa risasi ni wa kuelezea tu. Mkomazi iliyo chini ya milima ilikuwa pori la akiba tangu 1951 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Hakuna wa kulenga mnyama huko, na mahali pengine uwindaji unataka leseni na kitalu. Kosaini ya wawindaji ina kazi ya kila siku kwingine: kwenye mashamba. Eneo la ardhi kwenye ramani na hati hupimwa kwa mlalo, kana kwamba mlima umelazwa. Ekari moja ya hati kwenye mteremko wa nyuzi 30 ni kama ekari 1.15 ya kulimwa. Anayelima kwa jembe anaijua hiyo sehemu ya ziada mgongoni, hata kama hati haiitaji.

Mlalo imeshawahi kulazimishwa kufuata mistari mlalo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha hapa mradi wa kuokoa udongo wa bonde, ikaamuru wakulima wachimbe matuta yanayokatiza mteremko. Kazi ilikuwa nzito, upinzani ukawa mkali, na kabla ya Uhuru mradi ulikuwa umeachwa. Ili kupata mstari wa tuta hakuhitajiki leza. Vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, na jiwe linaloning'inia kwa kamba kutoka kileleni, vinatosha: kamba ikikaa kwenye alama ya katikati, miguu miwili imekanyaga usawa mmoja, na kigingi kinapigwa hapo.

Leza nayo ina siku zake mbaya. Mwali wake hupanuka njiani. Kwa mita 500 unaweza kufikia upana wa mita nzima, na hapo majani yaliyo mbele ya mti hurudisha mwanga kabla ya mti wenyewe, kwa hiyo kifaa humwuliza mtumiaji anataka kitu cha kwanza au cha mwisho. Vingine vimetengenezewa soko la Marekani na husoma kwa yadi, na asiyeangalia atadhani yadi 400 ni mita 400 ilhali ni 366. Wasikilizaji wa mpira wanaosema "ndani ya kumi na nane" nao, wengi bila kujua, wanahesabu yadi. Kisha kuna ukungu. Asubuhi za baridi bonde hujaa weupe hadi shina la mti ule haliko tena. Kitufe kinabonyezwa, mwanga unatawanywa na matone madogo ya maji, na kwenye lenzi vinabaki vistari vitatu vitupu. Mpima ardhi anakirudisha kifaa mfukoni, anatoa tepu ya mita 50, na kumtuma kijana ateremke na ncha ya upande wa pili.