Pembe za Mwana-Kondoo, Sauti ya Joka: Tumsome Vipi Mnyama wa Ufunuo 13?



Juzi dada mmoja wa kanisani alinitumia ujumbe wa sauti. Anauliza, "Mchungaji, huyu mnyama ni nani hasa? Kila siku natumiwa video mpya." Wiki hii ni rais fulani, wiki ijayo ni benki, nyingine ni laini ya simu. Dada yangu, sikukujibu haraka kwa sababu swali lako lina deni langu ndani yake. Leo nalipa.

Mwaka 2019, wakati wa usajili wa Huduma Namba, nilitumiwa ujumbe kwamba namba ile ndiyo 666. Sikuuchunguza. Niliutuma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp nikaongeza, "Amkeni watakatifu!" Mama mmoja aliuamini kwa kuwa umetoka kwa mchungaji wake. Lakini mumewe alikuwa ameshajisajili. Nyumba ile ilikaa miezi bila kuomba pamoja, kwa maana mama aliona anaishi na mtu aliyekwisha kupotea. Nilipokwenda kuwaomba msamaha, mzee aliniuliza jambo moja tu: "Mchungaji, ile ulisoma wapi?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nasoma Ufunuo pamoja na historia. Twende tukaanzie hapa hapa kisiwani kwetu.

Ukiingia Mji wa Kale utaikuta Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Walikuwa wameshauchoma mji huu mwaka 1505, chini ya Francisco de Almeida. Sasa waliweka ngome ya mizinga juu ya bahari, wakaipa jina la Yesu. Tafakari hapo, mpendwa. Jina lipitalo majina yote, na chini yake mdomo wa mzinga umeelekezwa kwa majirani.

Kulikuwa na mtoto wa mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hassan. Baba yake aliuawa katika ugomvi wake na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiaugustino, akabatizwa jina Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi katika Uislamu. Wakristo wengi wa mji huu, Wareno na Waafrika, waliuawa siku zile. Wengine walikuwa watu wa kawaida waliokataa kuikana imani yao. Kisha mwaka 1696 watu wa Omani waliizingira ngome hiyo karibu miaka mitatu, mpaka ikaanguka Desemba 1698, wengi wa waliokuwa ndani wakiwa wamekwisha kwa njaa na maradhi.

Sasa nikuulize: katika habari hiyo, mnyama ni nani? Wengine wangesema ni Mreno, wengine wangesema ni Sultani. Kila upande ungemwona ng'ambo ya ukuta. Lakini fungua Ufunuo 13:11. Mnyama wa pili ana pembe mbili mfano wa mwana-kondoo, ila akinena, sauti ni ya joka. Sisemi ngome yetu ndiyo aliyotabiriwa Yohana. Nasema alama hiyo ni kioo. Inatufundisha kwamba uovu unaweza kuvaa sura ya Mwana-Kondoo, na njia ya kuutambua ni kusikiliza unavyonena na kuangalia unavyowatendea watu.

Kumbuka pia kwamba Yohana aliwaandikia watu halisi, makanisa saba ya Asia, chini ya dola ya Rumi. Wao hawakuwa na intaneti wala kadi za benki, na barua ile ilikuwa yao kwanza. Katika Kiebrania kila herufi ina thamani ya hesabu. Ukiandika jina la Kaisari Nero kwa herufi hizo ukajumlisha, unapata 666. Ukiliandika bila ile N ya mwisho unapata 616, na kweli nakala chache za kale za Ufunuo zina 616. Ndiyo maana wasomi wengi wanaona kwamba wasikilizaji wa kwanza walimfikiria mtesaji waliyemjua. Danieli 7 ilikuwa imeshawafundisha kwamba mnyama ni picha ya ufalme unaotaka kuabudiwa. Kwa hiyo alama ile ilikuwa na maana kwao, na inaendelea kusema kila inapotokea dola, au mtu, anayedai heshima ya Mungu.

Lakini wanadamu tunapenda kuweka jina na tarehe. Mwaka 1522 Martin Luther alipotoa Agano Jipya la Kijerumani, picha ya kahaba wa Babeli ilichorwa amevaa taji la Papa. Wakatoliki nao wakamhesabia Luther 666. Kila kizazi kina mnyama wake, na kwa bahati mbaya huwa ni adui yake yule yule wa siku zote.

Nikupe mwaka mmoja tu: 1844. Huko Marekani, William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti, alikuwa amezihesabu siku 2300 za Danieli 8:14 kuwa miaka. Wafuasi wake wakafikia tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao shambani. Usiku ukapita, kukapambazuka, wakalia.

Mwaka huo huo Johann Ludwig Krapf alifika hapa Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki kwa homa baada ya kujifungua binti, na baada ya siku chache mtoto naye akamfuata. Kaburi liko ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema mwisho umefika, ni yeye. Lakini alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, na baada ya msiba aliendelea. Wale waliotafuta tarehe waliacha mashamba. Huyu aliyezika mke na mtoto alishika kalamu, na leo mimi na wewe tunasoma Neno kwa lugha yetu.

Wapendwa, haya si mafumbo ya kuchezea. Mwaka 2023, kaunti jirani ya Kilifi, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo. Upande wa mashtaka umesema waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mimi sikumpeleka mtu msituni, lakini ujumbe wangu wa 2019 ulitoka katika kapu lile lile la hofu. Mchungaji anayewatisha kondoo kwa jina la Yesu ana pembe za nani, na sauti ya nani?

Basi dada, ukitumiwa video nyingine, iulize hivi. Wale wa makanisa saba wangeielewa? Inanifanya nimpende jirani, au nimwogope mume wangu? Inanipa kazi ya kufanya kesho asubuhi, au inanitoa shambani? Inamtukuza Mwana-Kondoo aliyechinjwa, au anayeihubiri?

Ufunuo 13:10 inaweka subira na imani ya watakatifu mbele yetu, kabla hata ya hiyo hesabu ya 666. Yesu anarudi, hilo sina shaka nalo. Tarehe si yetu, Mathayo 24:36. Akutwe kila mtu kazini kwake.

Yule mama na mzee wake wanaomba pamoja tena. Kama nawe kuna mtu ulimtisha kwa ujumbe uliousambaza, mpigie simu leo kabla hujalala. Kisha andika AMINA hapa chini, tuombeane.

Mbarikiwe.