Miaka 400 ya Purchas: Unguja katika vitabu vya mabaharia wa Kiingereza

Mkusanyo wa Samuel Purchas wa habari za safari za baharini, uliochapwa London katika majuzuu manne mwaka 1625, ulitimiza miaka 400 mwaka 2025. Purchas aliendeleza kazi ya kasisi mwenzake, Richard Hakluyt, aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1589, kisha akakipanua kuwa majuzuu matatu kati ya 1598 na 1600. Hakluyt alitaka Waingereza wawafuate Wareno na Wahispania katika biashara na makoloni ya ng'ambo. Alifariki mwaka 1616.

Unguja imo katika kitabu cha Hakluyt kupitia safari ya nahodha James Lancaster, ambayo Hakluyt aliiandika kutoka kinywani mwa Edmund Barker, msaidizi wa nahodha huyo. Meli tatu ziliondoka Plymouth Aprili 1591. Moja ilirudishwa ikiwa na wagonjwa, ya pili ikapotelea baharini. Ya tatu, Edward Bonaventure, ilitia nanga Unguja mwezi Novemba, ikakaa hadi Februari 1592.

Wareno wenye kituo kidogo cha biashara kisiwani waliwatuma wenyeji kuuliza wageni ni nani. Walipojibiwa kuwa ni Waingereza, hawakuwasogelea tena. Badala yake waliwaonya wenyeji kwamba Waingereza ni wakatili na hula watu, ili wageni wasijue habari za nchi na biashara yake. Ndipo Waingereza walipokamata chombo cha wenyeji kilichombeba sharifu mmoja. Barker anajisifu kwamba walimtendea kwa adabu. Hata hivyo walimshikilia, na ili aachiwe, mfalme wa huko aliyemheshimu sana aliwapa chakula cha miezi miwili. Huo ulikuwa utekaji, hata kama msimulizi anaupamba. Kitabu kinamtaja nahodha na msaidizi wake. Sharifu hapewi jina.

Barker alisifu bandari, maji, samaki, ng'ombe na kuku wa Unguja, akazihimiza meli za Kiingereza zipatafute. Lancaster alifika kwao mwaka 1594 bila meli yake, lakini mwaka 1601 aliongoza msafara wa kwanza wa Kampuni ya India Mashariki.

Chama cha Hakluyt, kilichoanzishwa London mwaka 1846, kilichapa upya safari za Lancaster mwaka 1877. Usukuma nako kuliandikwa na mgeni: mwaka 1858, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipita huko hadi ziwani Mwanza, akalipa ziwa jina la malkia wake na kuchapa habari za safari hiyo kwao.

Vitabu hivi ni hazina, lakini vinasema kwa sauti ya mgeni aliyeshika kalamu. Habari za Unguja zilizomo zinastahili kusomwa kwa Kiswahili shuleni. Na ili Usukuma usibaki kusimuliwa na wageni tu, wazee wa huko, wa Binza, Bariadi na Simiyu nzima, wasikilizwe na kuandikwa kwa majina yao sasa, wangali hai.