Adriano wa Tandika, Samatta wa Mbagala

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa Mbagala Rangi Tatu kufuatilia habari nyingine kabisa, mambo ya mitaro na maji taka. Mvua ikanikimbiza, nikajibanza kwenye banda la gemu. Ndani vijana kama kumi, TV bapa mbili ukutani, PS4 mbili, kelele kama mnadani. Dogo mmoja, sidhani kama alifika miaka kumi na tatu, akanitazama juu mpaka chini: "Braza, unacheza au unatuzibia mlango?"

Nikacheza. Nikala saba bila.

Nilipotoka pale nimelowa na nimeaibika, nikaanza kufikiri. Sisi Waswahili tunaandika historia ya Simba na Yanga, tunaandika historia ya taarabu, ya dansi, ya Bongo Flava. Lakini je, historia ya mabanda haya nani anaiandika? Kizazi changu kilijifunza mpira kwa macho uwanjani na kwa vidole bandani. Basi leo niruhusuni nianze mimi, japo kwa kifupi.

Twende taratibu. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Mwaka huo huo, Desemba, Wajapani wa Sony wakaanza kuuza PlayStation ya kwanza kwao. Mwaka mmoja nyuma, Desemba 1993, kampuni ya EA ilikuwa imetoa FIFA International Soccer. Kwa hiyo sisi wa Bara tulikuwa bado tunashangaa picha kuongea sebuleni kwa jirani, wenzetu walishaanza kuwaendesha wachezaji kwa kidole gumba.

Mashine hizo zilipotufikia mitaani zilifikia bandani, si majumbani. Nani angeweza kununua ya kwake? Mimi nimekulia Tandika, Temeke. Banda letu lilikuwa chumba cha mabati, benchi mbili za mbao, TV ya chogo na PS2 iliyofungwa mnyororo kwenye mguu wa meza kama mbuzi wa Idi. Mwenye banda tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa mtu. Sheria zake zilikuwa tatu: lipa kwanza, mshindi anabaki, na ukivunja padi unanunua. Mama yangu aliwahi kunifuata mle na mwiko mkononi, ukiwa bado na ugali. Kwa wazazi wa mtaa wetu banda la gemu lilikuwa jirani na kijiwe cha bangi. Siwalaumu, maana ada ya tuisheni yangu iliishia mle.

Sasa tuje kwenye hoja. Wakati ule duniani kulikuwa na mashabiki wa aina mbili, wa FIFA na wa Winning Eleven. Ugomvi wao ulikuwa juu ya neno moja tu: uhalisia. Ipi inafanana na mpira wa kweli?

FIFA ilikuwa na majina. Ilinunua haki za ligi, jezi na nembo. Toleo la 1997, lile la kuelekea Kombe la Dunia la Ufaransa, lilikuwa na timu za taifa 172. Winning Eleven ya Konami, ambayo Ulaya waliiita Pro Evolution Soccer, haikuwa na haki hizo, ikabaki kubuni. Roberto Carlos akawa Roberto Larcos. Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Katika PES 5 ya mwaka 2005 Manchester United ilikuwa Man Red, na mtu mzima na ndevu zake alikaa pale anashangilia Man Red bila aibu.

Lakini uwanjani ilikuwa kinyume. Katika FIFA za miaka ile mpira uliganda mguuni kama umepakwa ulimbo. Katika Winning Eleven mpira ulikuwa kitu cha peke yake. Uliteleza, ulidunda vibaya, ulimkataa beki mzito. Pasi mbovu ilikuwa pasi mbovu. Ungeweza kutawala dakika themanini ukafungwa kwa kona moja ya kijinga, kama ilivyo Jumapili uwanjani. Shingo Takatsuka, aliyeongoza uundaji wa gemu ile kwa miaka mingi, alielewa kuwa uhalisia wa mpira ni ile hofu kwamba mambo yanaweza kuharibika. Jina la mgongoni linakuja baadaye.

Mabanda ya kwetu yalipiga kura, na Konami ikashinda kwa kishindo. Wengine tulicheza toleo la Kijapani lenyewe. Menyu yote vichoraji tupu, hatuelewi hata herufi moja, lakini kila mtoto wa Tandika alijua kwa moyo: shuka mara mbili, bonyeza duara, kulia, duara tena, mechi imeanza. Mtangazaji Jon Kabira akipandisha sauti kwa Kijapani, na sisi tunamfuatisha maneno tusiyoyajua maana yake.

Halafu mwaka 2006 ikaja PES 6, na ndani yake Adriano. Wenye umri wangu mmeshatabasamu. Mbrazili yule wa Inter alipewa nguvu ya shuti 99. Ukimpa mpira hatua thelathini kutoka golini, kipa anaomba dua. Mjomba akalazimika kuongeza sheria ya nne: Inter na Brazil marufuku mechi za kuwekeana pesa. Ule nao ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme. Ukiongoza mbili bila, paaa, giza! Tulibishana usiku mzima nani angeshinda, na Mjomba harudishi hela.

Hapa ndipo naomba tuwe makini. Wenzetu wa nje walikuwa wanalalamika kwamba makampuni yanawauzia gemu ile ile kila mwaka, yakibadilisha jezi na orodha ya wachezaji. Na kweli, tangu Desemba 1993 hadi Septemba 2022 hakuna mwaka hata mmoja uliopita bila FIFA mpya. Ni biashara ya msimu kama embe. Ligi za Ulaya zikianza Agosti, ifikapo Septemba au Oktoba diski iko dukani.

Sisi mabadiliko ya kila mwaka yalitufikia kwa mlango wa uani. Nakumbuka Mjomba alikwenda Kariakoo kununua "PES 2010", akarudi kifua mbele. Kasha lina picha mpya, diski imeandikwa kwa kalamu ya wino. Tukaiwasha. Ilikuwa PES 6. Ile ile! Mtu fulani, mahali fulani duniani, alikuwa ameifungua, akahamisha wachezaji kwenda klabu zao mpya, akabandika jezi za msimu ule, akaifunga tena. Man United inaitwa Man United, Liverpool inaitwa Liverpool. Mjomba alitukana njia nzima kurudi Kariakoo kudai hela yake. Hakuipata.

Lakini baada ya wiki mbili hakuna aliyeilalamikia. Tulikuwa na gemu tuliyoipenda, yenye majina ya kweli. Na sikilizeni kichekesho: mwaka 2013 makampuni yenyewe yakafanya karibu hivyo hivyo. FIFA 14 iliyotolewa kwa PS2 ilikuwa mchezo wa zamani wenye orodha mpya ya wachezaji. PES 2014, iliyotoka Novemba mwaka huo, ikawa miongoni mwa diski za mwisho kabisa za mashine hiyo, wakati Sony walishaacha kuitengeneza baada ya kuuza zaidi ya milioni 150. Walichofanya ofisini kwa leseni, jamaa wa Kariakoo walishakifanya kwa kalamu ya wino.

Sasa turudi nyuma kidogo, Juni 7, 2010. Brazil wanakuja Dar es Salaam kupasha misuli kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Na wanachezea wapi? Uwanja wa Taifa, Temeke! Ule mpya wa watu 60,000 uliofunguliwa 2007, ambao siku hizi unaitwa Benjamin Mkapa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Watu niliowaendesha kwa kidole miaka yote, Kaká na Robinho, watakuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwetu!

Tiketi ilinishinda. Nikaishia nje ya uzio na washikaji zangu, tukifuata mechi kwa kelele. Brazil walishinda 5-1, Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja. Lakini kelele iliyonitoa machozi ni ile ya dakika za mwisho, Jabir Aziz alipoifungia Taifa Stars. Sijawahi kusikia kelele kama ile ikitoka kwenye spika ya TV yoyote.

Na Adriano? Hakuja. Kocha Dunga hakumuita kwenye kikosi cha Kombe la Dunia. Wakati ulimwengu ulishamwacha, bandani kwetu alikuwa bado ana miaka ishirini na nne na shuti la 99. Usiku ule, baada ya mechi, tulirudi kwa Mjomba tukamchezesha. Nilihisi kitu ambacho sikuweza kukitaja wakati ule. Diski haizeeki, mtu anazeeka.

Kilichonikera zaidi ni kingine. Nilitamani kuicheza upya mechi ile, Stars dhidi ya Brazil, nimpe Jabir Aziz bao la pili. Haikuwezekana. Katika diski za Mjomba Tanzania haikuwepo. Kulikuwa na nyasi zinazotikisika, na refa mwenye kipara kama Collina, ambaye Konami walimweka hadi kwenye kava la PES 3. Sisi hatukuwepo. Majirani Wakenya angalau walikuwa na McDonald Mariga, aliyekuwa Inter ilipotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka ule ule wa 2010. Sisi tulikuwa watazamaji hadi ndani ya ndoto zetu wenyewe.

Ndipo akatokea kijana wa Mbagala. Mbwana Samatta, mzaliwa wa 1992, alianzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuwa African Lyon. Akapita Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, na Januari 2016 kule Abuja akatangazwa Mchezaji Bora wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Mwezi huo huo akasajiliwa na Genk ya Ubelgiji. Na ligi ya Ubelgiji ilikuwa ndani ya FIFA.

Septemba 2016 ikatoka FIFA 17. Mjomba wakati huo alishafunga banda, anauza chipsi, lakini alinipigia simu: "Mwanangu, njoo uone." Tulikutana kwenye banda la kijana mwingine. Timu: KRC Genk. Mshambuliaji: Samatta. Mzee mzima yule, aliyeona mechi maelfu kwa maelfu kwenye ile TV yake ya chogo, aligusa kioo kwa kidole. Hakusema kitu. Sidhani kama duniani kulikuwa na mabanda mengi yaliyogombania Genk mwaka ule. Temeke tuligombania.

Mengine mnayajua. Msimu wa 2018-19 Genk bingwa, Samatta kafunga mabao 23 ya ligi. Novemba 2019 akaifunga Liverpool pale Anfield. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Februari mosi akafunga dhidi ya Bournemouth, na Machi mosi akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa Villa walilala 2-1.

Lakini FIFA 20 ilikuwa imetoka Septemba 2019. Mwenye intaneti alipakua kikosi kipya, Samatta akavaa jezi ya Villa. Banda lisilo na intaneti lilibaki naye Ubelgiji. Basi madogo wa Mbagala wakaingia kwenye menyu, wakamhamisha kwa mikono yao wenyewe, kama yule jamaa wa Kariakoo. Hawakusubiri mtu wa kuwaruhusu.

Siku hizi mambo yamegeuka tena. Konami walilizika jina la PES mwaka 2021, wakaleta eFootball ya bure. EA na FIFA waliachana, toleo la mwisho likiwa FIFA 23, na tangu 2023 ni EA Sports FC. FIFA zile za nyuma zikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Maana yake Samatta wa Genk, wa Mbagala, sasa anaishi ndani ya diski kuukuu tu, zilizokwaruzwa, chini ya meza za mabanda.

Ndiyo maana nimeandika. Wenzetu wanapima uhalisia kwa jasho la mchezaji na kivuli cha nyasi, na kila Septemba wanauziwa jasho jipya. Sisi kipimo chetu ni kingine: mtoto wa Rangi Tatu akiwasha mashine, anajiona?

Yule dogo aliyenifunga saba nilimuuliza kama anamjua Adriano. Akasema hapana. Nikamuuliza Samatta. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.

"Huyo si wa hapa hapa?"