Mkate wa Wishwa wa Fumo Liongo

Juma hili maongezi yetu yanatoka Pate. Sisemi Lamu, ambako kila mgeni hufika. Nasema Pate, ng'ambo ya Manda, ambako boti hungoja maji yajae ndipo ikapita mkondo wa Mkanda hadi gati ya Mtangawanda. Kisiwa ni kidogo, lakini zamani Pate, Siyu na Faza kila mmoja ulikuwa mji wenye wakubwa wake na magomvi yake.

Wageni wengi siku hizi huenda huko kufuata kisa cha Wachina. Jahazi lilivunjika karibu na Shanga, mabaharia wakamwua chatu aliyewasumbua wenyeji, wakapewa ruhusa ya kukaa, wakasilimu, wakaoa. Ni kisa kitamu, na ni kweli kwamba meli za amiri Zheng He zilifika pwani yetu katika zile safari za kati ya 1405 na 1433. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari hizo, kijana mmoja wa kisiwani alipata nafasi ya kwenda kusoma huko kwa sababu ya kisa hiki. Sina ugomvi na masomo yake. Ninaloligombea ni lile neno linalorudiwa kwamba hata jina la Shanga ni Shanghai lililopotoka. Mtaalamu Mark Horton alichimba Shanga katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine midogo ya miti na udongo, wa kale kabisa ukiwa wa karne ya 8. Zheng He alikuwa bado miaka mia sita kuzaliwa! Aliyeokoka na jahazi, kama aliokoka, alikuta mji, adhana na chakula mezani.

Kwa hiyo mimi nilikwenda kutafuta mkate.

Mnakijua kisa cha Fumo Liongo, shaha wa mashairi na bingwa wa upinde. Masimulizi yanasema mtawala wa Pate alimwogopa, akamtia gerezani, akafungwa minyororo. Mama yake alimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi walikila chote kilicho kizuri wakamwachia makombo. Liongo akampelekea mama ujumbe kwa wimbo: apike mkate mzuri, na apike na mwingine wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wakala ule mzuri. Ule wa wishwa wakamtupia mfungwa, wakicheka. Kisha akaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, na watu walipokuwa katika matari na matoazi, yeye alikuwa anakata chuma.

Tazama, basi, kisa hiki kimejengwa kwa vitu gani. Jiko la mama, sherehe ya mji, na uroho wa askari. Hakuna jini hapo wala chatu. Aliyekitunga aliwajua wakubwa wa mjini vizuri: alijua kwamba mtu aliyezoea kula cha mwenzake hawezi hata kuushuku mkate mbaya.

Mzee mmoja mjini Pate alinisimulia mwisho wake tukinywa kahawa. Sindano ya shaba ya kitovuni, mkononi mwa mwanawe mwenyewe aliyeahidiwa ukubwa. Halafu Liongo kupiga goti kisimani akiwa ameuvuta upinde, na watu kukaa siku kadhaa bila maji kwa kuogopa maiti. Nilimwuliza wajukuu wanakijua? Akasema wanajua cha Wachina, maana hicho ndicho wanachoulizwa na wageni.

Wanahistoria wanabishana Liongo aliishi karne gani. Hata tarikhi ya Pate, inayowaleta Wanabahani mwanzoni mwa karne ya 13, ilitiliwa shaka na Neville Chittick mwaka 1969. Na bishaneni. Lakini Muhammad Kijumwa wa Lamu alipouandika utenzi wa Liongo mwaka 1913, aliandika jambo lililokuwa vinywani mwa watu, na kisiwa hiki hakikuwa na uhaba wa vinywa. Mwana Kupona, aliyetunga utenzi wake kwa bintiye mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyewashinda nguvu askari wa Seyyid Said.

Mkate wenyewe? Wa wishwa sikuupata, na nani angeupika kwa hiari. Nilipewa mkate wa mofa, wa moto, na samaki wa kupaka, na baadaye embe. Wakati wa Maulidi, niliambiwa, wengi huvuka kwenda Lamu, na huko ni pilau.

Magofu ya mji wa kale wa Pate yamo mashambani. Tumbaku imepandwa kati ya kuta, na kila mvua hudondosha jiwe. Siwa ya pembe ya Pate, iliyokuwa ikipulizwa katika sherehe za wakubwa, haipo kisiwani tena. Imewekwa makumbusho ya Lamu, ndani ya kioo, na anayetoka Pate kwenda kuiona hungoja maji yajae kama sisi.