Barua Zisizobisha Hodi

Kwetu mtu hajitomi tu nyumbani kwa watu. Anabisha hodi. Akijibiwa "karibu", anaingia. Akibisha mara tatu na kimya kikaendelea, anageuza njia na kwenda zake, wala halaumu mtu. Adabu hii ni ya zamani, na mtoto anaijua kabla hajajua kusoma. Lakini yuko mgeni mmoja aliyesamehewa hodi kwa miaka mingi, naye ni barua. Nasema hasa ile barua ambayo hukuiomba, iliyoandikwa na mtu usiyemjua, inayokubembeleza ununue kitu usichokihitaji. Wamarekani waliletewa barua hizo kwa wingi hadi wakaziita takataka. Ndugu msomaji, historia yake inatuhusu sana sisi vijana tunaotaka maneno yetu yasomwe, kwani ndani yake mna swali zito: nani mwenye haki ya kufunga mlango?

Tuanze mwaka 1835, na wala si kwa matangazo ya sabuni. Mjini New York kilikuwapo Chama cha Kupinga Utumwa cha Marekani, na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo ndugu wawili wafanyabiashara, Arthur na Lewis Tappan. Wakati huo mashine za chapa zinazoendeshwa kwa mvuke zilikuwa zimeshusha gharama za uchapaji. Chama kikaona hii ndiyo nafasi yake. Kikachapa maelfu kwa maelfu ya magazeti na vijitabu vya kulaani utumwa, kikavipeleka kwa posta katika majimbo ya Kusini, kwa wachungaji, maofisa na watu wengine wenye majina. Wapokeaji hao hawakuwa wameomba kitu. Majina yao yaliokotwa tu kwenye orodha, kama wafanyavyo wauzaji wa leo.

Mizigo ilipofika Charleston, South Carolina, moto ukawaka, na si kwa methali. Usiku wa tarehe 29 Julai 1835 kundi la watu lilivunja ofisi ya posta na kuichukua mifuko, na usiku uliofuata makaratasi yakachomwa hadharani mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Rais Andrew Jackson, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, hakuwatetea waliotuma. Mwezi Desemba aliliomba Bunge litunge sheria ya kuzuia maandishi ya namna hiyo yasipite kwenye posta za Kusini. Bunge likakataa. Tena sheria ya posta ya mwaka 1836 ikawakataza maofisa wa posta kuzuia barua za watu. Hata hivyo, huko Kusini wengi wao waliendelea kuzizuia, na Serikali ikajifanya haioni.

Sasa hapo pana mtihani. Tukisema kwamba barua isiyoombwa ni takataka, basi vijitabu vile navyo vilikuwa takataka. Lakini ni nani leo atakayethubutu kuviita hivyo? Kila mwenye nyumba wa Charleston alikuwa huru kukitupa kijitabu chake jikoni, kikawashia moto wa chai. Umati ule haukufanya hivyo. Ulichoma cha kwake na cha jirani, pamoja na cha yule mtu mmoja ambaye pengine angekisoma kwa siri na moyo wake ukageuka. Na wale walioandikiwa habari zao, yaani watumwa wenyewe, hawakuwa na sauti kabisa: sheria ya South Carolina ya mwaka 1834 ilikataza kuwafundisha kusoma na kuandika. Kufunga mlango wako ni jambo moja. Kufunga njia nzima ni jambo jingine kabisa.

Baada ya vita na kukomeshwa kwa utumwa, biashara nayo ikaingia kwenye mfuko wa posta. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward wa Chicago alitoa karatasi moja yenye orodha ya bei za bidhaa 163. Wakulima waliochoka kulanguliwa na maduka ya vijijini wakaipokea vizuri, na karatasi ile ikakua ikawa kitabu kinene. Richard Sears akafuata, akianza na saa. Mwaka 1896 posta ilianza kupeleka barua bure hadi mashambani, na mwaka 1913 ikaanza kuchukua vifurushi. Kitabu cha bei kikawa mgeni anayengojewa kwa hamu. Kwa Wamarekani weusi wa Kusini kilikuwa zaidi ya hapo. Dukani mweusi aliachwa asubiri hadi wazungu wote wahudumiwe, na mwenye duka ndiye aliyeamua amkopeshe au amnyime. Kwa posta alilipa bei ileile anayolipa kila mtu, na hakuna aliyemwona rangi.

Kumbe basi karatasi yenyewe haina kosa. Takataka ya huyu ni neema ya yule. Kinachotofautisha ni kama mwenyeji ameitika au hakuitika.

Mambo yaliharibika pale hodi ilipokuwa rahisi mno. Mwaka 1928 posta ya Marekani ilianza kutoza bei nafuu kwa matangazo yanayotumwa kwa mafungu. Mwaka 1963 zikaja tarakimu tano za kutambulisha kila eneo, na kompyuta zikaweza kupanga anwani kwa maelfu. Jina la mtu nalo likawa bidhaa. Ukinunua viatu kwa posta, muuzaji anaikodisha anwani yako kwa mwenye soksi, naye anampa mwenye sabuni, na kabla hujajua, kisanduku chako mlangoni kimefurika. Mwenye nyumba ndiye anayebeba, anayechambua na anayetupa. Mtumaji yeye hana hasara: katika mia, wakijibu wachache tu, gharama imerudi.

Ndipo tunafika kwenye kesi ambayo kila mwandishi kijana anafaa kuijua. Mwaka 1967 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokusudiwa hasa kwa matangazo ya mambo ya ngono yaliyokuwa yakimiminika majumbani mwa watu wenye watoto. Mwenye nyumba akiona tangazo ni la kuashikisha, anaiarifu posta, na posta inamwamuru mtumaji alifute jina hilo kwenye orodha zake zote. Wafanyabiashara wa posta wakaja juu. Wakashitaki, wakidai kwamba uhuru wao wa kusema umeguswa. Kesi hiyo, Rowan dhidi ya Idara ya Posta, iliamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 4 Mei 1970, na majaji wote walikubaliana. Jaji Mkuu Warren Burger alieleza kwamba haki ya mtumaji inakoma kwenye mpaka wa nyumba ya asiyetaka. Halafu likaja jambo la ajabu zaidi. Mahakama ilisema kwamba mwenye kuamua kama tangazo ni chafu ni mwenye nyumba peke yake. Akiamua kwamba hata kitabu cha bei za nguo kinamkera namna hiyo, basi neno lake ndilo la mwisho.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu afisa wa Serikali akipewa kazi ya kuchagua lipi lisomwe na lipi lisisomwe, tumerudi Charleston. Bora kila mtu awe bawabu wa mlango wake. Huo ndio ufundi wa hukumu ile: mtumaji hakunyang'anywa kalamu, na mwenyeji akapewa kitasa.

Mwaka uliofuata, 1971, chama cha wauzaji wenyewe kilianzisha orodha ya watu wasiotaka kutumiwa matangazo. Uholanzi walifuata njia ya kibandiko mlangoni: asiyetaka anabandika neno la kukataa. Kisha Amsterdam ikaenda mbali zaidi. Tangu Januari 2018, karatasi za matangazo zisizo na jina haziruhusiwi kutiwa mlangoni mpaka mwenye nyumba abandike kibandiko cha "ndiyo". Wachapaji walipinga mahakamani hadi ngazi ya juu kabisa, wakashindwa mwaka 2021. Tazama mzunguko huo, bwana: zamani kimya kilikuwa karibu, sasa kimya ni kimya. Mswahili angeweza kuwaambia hayo bila kwenda mahakamani.

Sisi ambao barua zetu hungoja kwenye sanduku la posta mjini hatukufurikiwa sana na makaratasi. Lakini simu ya mkononi imefanya kisanduku kikae mfukoni, nacho kinalia usiku wa manane eti umechaguliwa kushinda. Kenya ilitunga sheria yake ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2022. Zote zimempa raia neno la kusema kabla jina na namba yake havijageuzwa mtaji wa mtu mwingine. Sheria peke yake haitoshi, lakini. Kabla ya kuandika namba yako kwenye kila daftari linaloletwa mezani, uliza: ya nini? Na kataa hadharani, maana asiyekataa huhesabiwa amekubali.

Nasi wenye kushika kalamu tuyachukue yote mawili. Anayetaka kuchoma mifuko ya posta ili jirani asisome tumpinge kwa nguvu zetu zote, hata kama maandishi yaliyomo hatuyapendi. Lakini tukumbuke pia kwamba msomaji hana deni letu. Shairi na hadithi ni wageni. Tuvitume vibishe hodi kwa maneno mazuri, mara moja, mara mbili, mara tatu. Asipoitika, tugeuze njia bila kinyongo, twende tukaandike vizuri zaidi.