Jembe la Basumba: Mfuko wa Vijana Kabla ya Mgodi



Hivi karibuni vijana wa kigango kimoja kisicho mbali na Buzwagi walinijia na barua. Walitaka niitie saini ili waipeleke kwa wafadhili, kuomba mabati ya jengo la zahanati ya kijiji. Niliisoma, nikawauliza: “Na ninyi wenyewe mmeweka nini?” Walitazamana. Mmoja akajibu kwa upole, “Baba Paroko, sisi hatuna kitu.”

Jibu lile limenifanya nirudi katika historia, kwa maana babu zao wasingelijibu hivyo.

Katika nchi ya Wasukuma, tangu kabla ya ukoloni, vijana wa kila kijiji walikuwa na chama chao. Waliitwa basumba, na kiongozi wao, nsumba ntale, alichaguliwa na vijana wenzake. Mwenye shamba kubwa, mgonjwa au mjane aliyezidiwa na magugu aliweza kuwaita. Walifika alfajiri na majembe yao, ngoma ikapigwa, wakalima kwa mstari mmoja huku wakiimba. Kutokana na desturi hiyo walitokea bagobogobo, wachezaji maarufu wa majembe. Malipo hayakugawanywa papo hapo. Yaliwekwa kwa ajili ya wote, na baada ya mavuno yalinunua ng’ombe wa sherehe. Aliyekwepa kazi bila sababu alitozwa faini.

Tusiwapambe kupita kiasi. Sehemu kubwa ya pato lile iliishia katika karamu, wala haikujenga shule. Lakini vijana walijifunza mambo matatu: kuchagua kiongozi, kutunza mali isiyo ya mtu mmoja, na kumwajibisha mzembe.

Shule hiyo ya shambani ilizaa matunda mengine. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alipofanya utume wake Bujora karibu na Mwanza, hakuzifukuza ngoma za Bagika na Bagalu. Mashindano yao yalipata nafasi katika sherehe za Bulabo, zinazoambatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Alitambua kwamba penye ngoma pana watu waliokwisha kujipanga.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, waliochoka kupunjwa kwenye mizani, waliungana pamoja na kijana Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Mwaka 1955 vyama vyao viliunda shirikisho kubwa la ushirika la Victoria. Hata hivyo, chama kilipokuwa kikubwa, mkulima alizidi kuwa mbali na daftari la hesabu, na malalamiko ya ubadhirifu yakaongezeka. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika.

Kisha likaja Sungusungu, lililoanzia pande hizi hizi za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wezi wa mifugo walipokuwa wakitembea na bunduki. Wanavijiji walijilinda kwa nguvu na michango yao wenyewe. Lakini wapo waliopigwa na waliouawa bila kusikilizwa, wakiwemo vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi. Umoja usio na haki nao huua.

Ndugu zangu, mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafikia mwisho wake. Mtoto aliyezaliwa ulipofunguliwa alikuwa bado shuleni ulipofungwa. Jembe la basumba lilidumu vizazi na vizazi.

Sisemi kwamba kijiji kisidai. Dhahabu imetoka katika ardhi yetu, na tangu mwaka 2017 sheria inazitaka kampuni za madini kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kudai haki si kuomba sadaka. Lakini anayedai akiwa na mfuko wake, hata mdogo, huzungumza kama mshirika. Anayekuja mikono mitupu hungoja kuhurumiwa.

Kwa hiyo niliwapa vijana wale ushauri. Kwanza, walime ekari chache za mpunga au alizeti kwa pamoja, au wafyatue matofali. Pili, wachague mtunza hazina asiye rafiki wa mwenyekiti. Tatu, hesabu isomwe hadharani kila mwezi, mbele ya wazee na akina mama, kwa maana klabu nyingi za vijana haziuawi na umaskini bali na daftari lililofichwa.

Barua yao ingali mezani kwangu. Nimewaambia nitaitia saini siku watakapoongeza mstari mmoja unaotaja walichochangia wenyewe, hata kama ni matofali mia moja. Walipoondoka, yule aliyesema hawana kitu alirudi mlangoni, akauliza: “Baba, matofali mia moja yanatosha kweli?”

Yanatosha kuanzia, mwanangu.